Maswali ya Wasomaji: Kutabiri Ukubwa wa Matone ya Mafuta Majini

Barua za toleo hili zinazunguka jambo moja: jinsi ya kutabiri, kwa hesabu na kwa kompyuta, ukubwa wa matone ya mafuta yanayotawanywa ndani ya maji. Ili majibu yaweze kulinganishwa, tumetumia chungu kimoja katika karibu hesabu zote. Kina ujazo wa lita 5 na kipenyo cha sentimita 18.5, na maji yamefika kimo hichohicho. Kikorogeo ni cha Rushton, yaani diski yenye mapanga sita yaliyosimama wima, chenye kipenyo cha sentimita 6, kikizunguka mara 600 kwa dakika. Ukutani kuna vibao vinne vya kuzuia maji yasizunguke yote kwa pamoja. Mafuta ni ya alizeti.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi kemikali, mwaka wa mwisho. Mradi wangu ni kuiga kwa kompyuta ukubwa wa matone kwenye emalsheni (mchanganyiko wa mafuta yaliyotawanywa majini). Kompyuta yangu ina kumbukumbu ya GB 8 tu. Nianze na programu gani? – Dar es Salaam

JIBU: Anza na kikokotoo. Hatukutanii. Mtu anayefungua programu ya kuiga mtiririko wa maji kabla ya kujua jibu linapaswa kuangukia wapi, ataamini picha yoyote ya rangi itakayomtokea kwenye skrini.

Tone linavutwa na pande mbili. Maji yenye msukosuko yanalirefusha na kulichana, na mvutano wa mpaka kati ya mafuta na maji unalirudisha kwenye umbo la mpira. Uwiano wa pande hizo mbili ndio namba ya Weber: We = ρN²D³/σ. Hapo ρ ni densiti ya maji (1000), N ni mizunguko kwa sekunde (10), D ni kipenyo cha kikorogeo kwa mita (0.06), na σ ni mvutano wa mpaka. Kwa mafuta ya kula na maji bila emalsifaya (kiungo kinachosaidia mafuta na maji kuchanganyika) tuchukue σ = 0.025 N/m. We inakuwa 864.

Chen na Middleman walichapisha mwaka 1967 kanuni inayotumika mpaka leo kwa kikorogeo cha aina hii (hapa chini inaitwa kanuni ya Weber): d32/D = 0.053 × We^(−0.6). Kwa chungu chetu jibu ni maikromita 55. Alama d32 ni wastani wa Sauter: jumla ya vipenyo vilivyopandishwa kipeo cha tatu, ikigawanywa kwa jumla ya vipenyo vilivyopandishwa kipeo cha pili. Wastani huo unatumika kwa sababu unakupa eneo la mpaka moja kwa moja: eneo kwa kila mita ya ujazo ni 6φ/d32, ambapo φ ni sehemu ya mafuta katika mchanganyiko.

Kanuni hiyo ni ya mafuta machache. Mafuta yakifika asilimia 20, wengi huzidisha kwa (1 + 3φ), na 55 inakuwa 88. Ile namba 3 usiishike kama msahafu. Watafiti tofauti wamepata thamani tofauti, kwa kuwa ndani yake zimefichwa athari mbili: matone mengi yanapunguza msukosuko wa maji, na yanagongana na kuungana tena.

Kabla ya kuliamini jibu, angalia namba ya Reynolds, yaani kipimo cha msukosuko: ND²/ν, ambapo ν ni mnato wa maji uliogawanywa kwa densiti yake. Hapa ni 36,000, na msukosuko kamili huanza karibu na 10,000. Ukishatia gundi ya kuongeza uzito na mnato wa maji ukawa mara 50, Reynolds inashuka hadi 720 na kanuni hii haifai tena. Kosa hili ni la kawaida sana kwenye ripoti za wanafunzi. Ikiwezekana tawanya mafuta kwanza, gundi itiwe baadaye.

SWALI: Nimetumia kanuni ya Hinze kwa chungu cha vipimo kama hivyo. Nimepata tone la milimita 1.4! Hadubini inanionyesha matone ya maikromita 60 hivi. Nimekosea wapi? – Morogoro

JIBU: Hesabu yako tumeirudia na tarakimu ziko sawa. Tatizo ni ε, yaani nguvu inayoteketea katika kila kilo ya maji.

Kikorogeo cha Rushton hula nguvu P = 5ρN³D⁵, ambayo hapa ni wati 3.9. Uligawa kwa kilo 5 ukapata wastani wa 0.78 W/kg, kisha ukaiweka kwenye kanuni ya Hinze ya mwaka 1955: dmax = 0.725 (σ/ρ)^0.6 × ε^(−0.4). Lakini nguvu haisambai chunguni kwa usawa. Sehemu kubwa huteketea nyuma ya mapanga, katika eneo dogo ambalo ε ni makumi ya mara ya wastani. Tone halihitaji kukaa pale, linahitaji kupita tu. Na linapita: kikorogeo kinasukuma takriban 0.7ND³, yaani lita 1.5 kwa sekunde, hivyo ujazo sawa na wa chungu kizima hupita kwenye mapanga kila baada ya sekunde 3.3.

Weka ε ya mara 50 ya wastani, yaani 39 W/kg. Kutoka milimita 1.4 unashuka hadi 0.29. Kisha kumbuka kwamba Hinze anakupa tone kubwa kabisa linaloweza kusalimika, si wastani. Kwa kawaida d32 huwa karibu 0.6 ya hilo: maikromita 170.

Bado ni mara tatu ya ulichokiona. Ile 0.725 ilipatikana kutokana na vipimo vya mafuta kati ya silinda mbili, moja ikizunguka, si kwenye chungu cha mapanga. Tena karibu na panga msukosuko huja kwa mishtuko: mara chache sana, lakini mikali kupita wastani wa pale pale. Ukikoroga saa nzima, kila tone hatimaye litakutana na mshtuko wake. Kwa hiyo namba ya mbele ya kanuni irekebishe kwa vipimo vya chungu chako, na uandike wazi kwamba umeirekebisha. Kinachostahili kuaminiwa kwa Hinze ni vile vipeo, 0.6 na −0.4.

Kama unapata ε kutoka programu ya mtiririko, fanya ukaguzi mmoja kabla ya mengine yote. Chukua ε ya kila seli ya gridi, zidisha kwa wingi wa maji ya seli hiyo, jumlisha chungu kizima, kisha linganisha na nguvu ya shafti (kani ya kuzungusha mara 2πN). Hizo mbili zinapaswa kulingana. Kwa modeli ya k-ε (njia ya kawaida ya kukadiria msukosuko) kwenye gridi ya seli kubwa, jumla hutoka pungufu, na upungufu huo uko palepale kwenye mapanga ambako matone huvunjikia. Ongeza seli katika eneo la kikorogeo, si kila mahali, urudie mpaka jumla iache kubadilika.

Jambo la mwisho. Hinze anadhani tone ni kubwa kuliko visulisuli vidogo kabisa vya maji. Ukubwa wa visulisuli hivyo ni (ν³/ε)^¼: maikromita 34 kwa wastani wa chungu, 13 karibu na mapanga. Matone yakishuka chini ya hapo, yanachanwa na mnato wa maji badala ya kasi yake, na kipeo cha ε kinakuwa −0.5.

SWALI: Nilitia emalsifaya. Mvutano wa mpaka ulishuka kutoka 0.025 hadi 0.005. Kwa kanuni ya Weber matone yalipaswa kushuka kutoka maikromita 55 hadi 21. Nilipata karibu 45. Je, emalsifaya ni mbovu? – Kampala

JIBU: Emalsifaya haina kosa. Umesahau mnato wa mafuta yenyewe.

Mafuta ya alizeti kwenye nyuzi 25 za Selsiasi yana mnato wa takriban mPa·s 55, zaidi ya mara 50 ya maji. Tone linapovutwa, mafuta ya ndani lazima yatiririke ndipo lirefuke, na mafuta mazito hukawia. Kisulisuli kinapita kabla tone halijakatika. Mvutano ukiwa mkubwa, ukawiaji huo hauonekani sana, kwani mvutano ndio unaoshika tone. Ukiupunguza mvutano, mnato ndio unaobaki kushika.

Calabrese na wenzake walitoa mwaka 1986 marekebisho yanayofaa hapa. Kwa mafuta machache, zidisha jibu la Weber kwa [1 + 4.42 Vi (d32/D)^(1/3)]^0.6, ambapo Vi = (μNDσ⁻¹)(ρ maji/ρ mafuta)^½ na μ ni mnato wa mafuta. Kwa kuwa d32 iko pande zote mbili, weka kisio, pata jibu, lirudishe kama kisio jipya. Baada ya mizunguko minne au mitano linatulia.

Kwa σ ya 0.025, Vi ni 1.4, na 55 inakuwa 74. Kwa σ ya 0.005, Vi ni 6.9, na 21 inakuwa 47. Yaani mvutano umeshuka mara tano, matone yameshuka kwa theluthi moja na ushei tu. Hiyo ndiyo 45 yako.

Sasa pasha moto. Kwenye nyuzi 70 mnato wa mafuta hayo unakuwa karibu mPa·s 15. Ukiacha σ ileile ya 0.005, jibu linashuka kutoka 47 hadi 28. Kwa hiyo, ukishatia emalsifaya ya kutosha, moto utakusaidia kuliko emalsifaya zaidi. Ni sababu mojawapo ya watengenezaji wa losheni kupasha mafuta na maji hadi nyuzi 70 au 75 kabla ya kuchanganya. Nyingine ni kuyeyusha nta. Wanaotumia mafuta ya nazi wakumbuke kwamba yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, na tone lililoganda halivunjiki kwa kanuni yoyote tuliyoitaja.

Kuna jambo la pili linalokula faida ya emalsifaya. Ile 0.005 uliipima kwenye mpaka uliotulia kwa dakika kadhaa. Tone linapovunjika, uso mpya unazaliwa katika milisekunde, na emalsifaya bado haijaufikia. Mvutano halisi wa wakati ule uko kati ya 0.005 na 0.025. Tumia zote mbili kama kingo za jibu lako badala ya kuchagua moja.

SWALI: Tunatengeneza losheni. Kwenye chungu cha lita 5 inatoka laini. Tumenunua tangi la lita 200 la umbo lilelile, tukapunguza kasi hadi mizunguko 175 kwa dakika ili ncha za mapanga ziende kwa mwendo uleule. Sasa losheni inatenga mafuta mapema dukani. Tukoroge kwa kasi gani? – Arusha

JIBU: Karibu 265 kwa dakika, na kwa muda mrefu zaidi.

Tangi lenu ni mara 40 kwa ujazo, hivyo kila kipimo kimekua mara 3.42 na kikorogeo kimefika sentimita 20.5. Mwendo wa ncha ukibaki uleule, nguvu kwa kila kilo inashuka mara 3.42, na matone yanakua mara 1.6: 55 inakuwa 90. Mafuta hupanda kwa kasi inayofuata mraba wa kipenyo (kanuni ya Stokes), kwa hiyo kwenye chupa ileile na gundi ileile yatapanda mara 2.7 haraka zaidi. Ndicho mnachokiona dukani.

Ili matone yabaki yaleyale, kinachotakiwa kubaki sawa ni nguvu kwa kila kilo. N inapungua kwa kipeo cha −2/3 cha ukubwa: 600 inakuwa 264. Shafti itahitaji wati 156 badala ya 3.9, mbali na zinazopotea kwenye mota na giaboksi. Msijaribu kubaki na 600; hapo shafti inataka kilowati 1.8, na tangi litavuta hewa mpaka losheni iwe povu.

Muda nao. Kwenye chungu kidogo maji yanarudi kwenye mapanga kila sekunde 3.3, kwenye tangi kila sekunde 7.5. Kama mlikoroga dakika 20, sasa ni dakika 45 angalau. Mimineni mafuta karibu na kikorogeo kwa bomba, si juu ya uso, na gundi ije mwisho. Bila gundi hata matone mazuri ya maikromita 55 hupanda milimita 8 kwa dakika kwenye maji matupu, hivyo msizime mashine mkaenda kula kabla hamjaitia. (Tunazungumzia mkorogo wa tangini, si ule wa kuchubua ngozi.)

SWALI: Nimeandika skripti ya Python ya mizania ya idadi ya matone. Baada ya dakika kumi za koroga, mafuta yamepungua kutoka asilimia 20 hadi 17. Yamekwenda wapi? – Nairobi

JIBU: Yamepotea kwenye mapengo kati ya madaraja yako.

Kwa wasomaji wengine: mizania hii ni kama sensa. Matone yanapangwa kwa madaraja ya ukubwa, na kila daraja lina vifo (tone kuvunjika au kuungana na jingine) na vizazi (vipande vipya). Madaraja hupangwa kwa kuzidisha. Ujazo ukizidishwa mara mbili kila hatua, kipenyo kinakua mara 1.26, na kutoka maikromita 5 hadi 500 unahitaji madaraja 21 tu.

Tatizo linaanza tone linapozaliwa katikati ya madaraja mawili. Ukilitupa kwenye daraja la karibu, ujazo unapungua au unaongezeka. Njia ya Kumar na Ramkrishna ya mwaka 1996 inaligawa. Kama ujazo wake v uko kati ya v1 na v2, sehemu (v2 − v)/(v2 − v1) iende chini na iliyobaki iende juu. Idadi na ujazo vyote vinahifadhika.

Kagua pia kingo. Daraja dogo kabisa lisiruhusiwe kuvunjika, la sivyo vipande vyake vinaanguka nje ya jedwali. Matone mawili yanayozidi daraja la juu yakiungana yasiruhusiwe kuungana, au uongeze madaraja. Kila hatua chapisha jumla ya ujazo; ikibadilika zaidi ya sehemu moja kwa milioni, simama utafute kosa.

Kuhusu namba zenyewe: kwa asilimia 20 ya mafuta yenye matone ya maikromita 30, mita moja ya ujazo ina matone 1.4 × 10¹³. Ukihesabu idadi hiyo pamoja na matone machache makubwa, kompyuta inapoteza usahihi. Fuatilia ujazo wa mafuta katika kila daraja badala ya idadi. Matone makubwa huvunjika kwa sekunde, madogo kwa saa, kwa hiyo tumia kitatuzi cha BDF cha SciPy (maktaba ya hesabu ya Python), kinachohimili mambo ya haraka na ya polepole kwa pamoja. Njia za kawaida za hatua kwa hatua zitakulazimisha hatua fupi mno.

Viwango vya kuvunjika na kuungana wengi huchukua kwa Coulaloglou na Tavlarides (1977). Umbo la milinganyo yao ni zuri, lakini vigezo vilivyochapishwa na waliowafuata vinatofautiana mno. Lazima uvipate mwenyewe, na usijaribu kuvipata vyote kutoka wastani mmoja wa mwisho: kuvunjika haraka pamoja na kuungana haraka hutoa wastani uleule wa mambo yote mawili polepole. Fanya majaribio mawili. La kwanza, mafuta asilimia 1, ambapo matone hayakutani sana. Hapo unapata vigezo vya kuvunjika. La pili, asilimia 20: koroga kwa 600 mpaka ukubwa utulie, shusha ghafla hadi 300, uchukue sampuli kila baada ya dakika chache. Matone yakikua, kasi ya kukua inakupa kuungana. Yasipokua, emalsifaya inayalinda na unaweza kufuta nusu ya skripti.

SWALI: Nahesabu matone 50 kwenye picha ya hadubini. Yanatosha? – Mbeya

JIBU: Hayatoshi. Tone moja la maikromita 200 lina mafuta sawa na matone 1,000 ya maikromita 20. Ukilikosa hilo moja, d32 yako ni hadithi. Hesabu 500 kwa kila sampuli, kutoka picha kadhaa, na pima kwanza kioo chenye mistari ya kipimo kwa lenzi ileile. Sampuli ipunguzwe kwa maji yenye emalsifaya ileile, maana maji matupu huinyang'anya ngozi yake na matone yakaungana mbele ya macho yako. Kifuniko cha kioo kikibana matone makubwa, yatasomeka mapana kuliko yalivyo. Tumia kioo chenye kibonde.

SWALI: Kanuni ya Weber inafaa kwa mashine ya kulainisha maziwa? – Eldoret

JIBU: Ya chungu haifai, kwani mle hamna kikorogeo. Maziwa yanasukumwa kwenye vali nyembamba kwa shinikizo la MPa 15 hadi 20. Kwa MPa 20 yanafika karibu mita 200 kwa sekunde, na chembe za mafuta zilizokuwa na wastani wa maikromita 3 hadi 4 zinashuka chini ya 1. Tumia shinikizo badala ya kasi ya kikorogeo: kwenye msukosuko, kipenyo kinafuata shinikizo kwa kipeo cha karibu −0.6, hivyo kuzidisha shinikizo mara mbili kunapunguza kipenyo kwa theluthi tu. Hata hapo protini ikiwa chache kufunika uso mpya, chembe zitashikana vishada, ndiyo sababu ya mashine nyingi kuwa na vali ya pili ya shinikizo dogo. Karibu nishati yote inaishia kuwa joto: MPa 20 hupandisha maziwa kwa nyuzi 5 hivi. Weka kipimajoto kabla na baada ya vali. Joto likipanda nyuzi 3 tu wakati geji inasoma MPa 20, geji ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza.